Kuni za Mfaransa

Siku Vendel Hergert alipomwona mkewe akiitema divai yake, ndiyo siku alipoanza kumchukia Mfaransa. Kabla ya hapo alikuwa hampendi tu, na kutompenda mtu si kesi.

Ilikuwa vuli, mavuno yamekwisha. Ottília alishuka na mgeni wake ghalani kuonja. Ghala lenyewe lilichimbwa na babu yake Ottília ndani ya kilima, kama maghala yote ya kijiji chetu cha Villánykövesd, kusini mwa Hungaria, yalivyopangana kando ya barabara, na humo Vendel alikuwa mfalme. Alichota divai kutoka pipa kubwa, akawajazia bilauri zao, akarudi nyuma kungoja sifa. Ottília akanusa. Akapiga funda, akalizungusha mdomoni mashavu yakimtuna kama mtoto anayesukutua, kisha akainama akaitema yote kwenye ndoo. Mfaransa naye akatema. Wakatazamana, wakaanza kusemezana Kifaransa.

"Umeitema," Vendel akasema.

"Ndivyo wanavyoonja, Vendel. Ukimeza kila kitu huwezi kuhukumu."

"Miaka yote hii ulikuwa unameza."

"Miaka yote hii nilikuwa sihukumu."

Jibu hilo lilimkwama Vendel kooni kama mwiba wa samaki. Jioni ile hakula, na alipoulizwa ana nini, alisema hana kitu.

Mfaransa huyo aliitwa Gatien Loriou, mtu wa Saumur, mrefu, mwenye pua ambayo Mungu alimpa akijua kazi atakayoifanya. Kampuni moja kubwa ya mjini ilimleta awafundishe watu kulaza divai katika mapipa madogo ya mwaloni mpya, kwa mtindo wa kwao. Shida ilikuwa lugha. Wilaya nzima ilikuwa na watu wa kusema Kijerumani, na watu waliolazimishwa Kirusi, lakini Kifaransa alikuwa nacho Ottília peke yake. Yeye alikuwa mwalimu wa Kirusi. Warusi walipofunga virago na somo lao likafutwa, walimu waliambiwa wachague lugha nyingine au wachague kazi nyingine. Wenzake walikimbilia Kiingereza. Ottília, kwa ukaidi wake tu, alichagua Kifaransa, na kijiji kizima kikamcheka: atazungumza na nani, na kuku? Basi Gatien alipokuja, walimfuata Ottília kwa gari.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alipewa kiti mezani kwa Vendel, na jembe hakuliona.

Ukweli mwingine lazima usemwe, maana ndio uliokuwa ukimla Vendel tangu zamani. Nyumba ilikuwa ya Ottília. Ghala lilikuwa la Ottília. Shamba la mteremkoni, lile ambalo ushirika ulimnyang'anya babu yake na serikali mpya ikarudisha, lilikuwa la Ottília. Vendel alikuja pale na mikono miwili na kisu cha kubebeshea, cha kupandikiza kijiti cha mzabibu mmoja juu ya shina la mwingine. Mikono hiyo haikuwa haba. Enzi za ushirika, mche aliobebesha Vendel ulishika, na watu walisema ukimpa ufagio ataubebesha na utachipua. Lakini mwanamume anayekaa kwa mkewe ana ngozi nyembamba. Usichoke kulikumbuka hilo.

Majira ya baridi yalipoingia, Ottília akatangaza habari mezani. Sehemu ya juu ya shamba, yenye mizabibu mikongwe ya Kadarka, itakatwa vichwa, na juu ya vigogo vyake itabebeshwa zabibu ya kwao Gatien, Cabernet Franc. Gatien alikuwa amechukua udongo wa kule juu, akauponda kiganjani, akaulamba. Ni chokaa ile ile ya kwao, alisema.

"Zabibu hii imekwenda kila mahali," Ottília alimtafsiria, macho yakimng'aa. "Italia iko, Chile iko, Marekani iko. Mapadri waliibeba, wahamiaji waliibeba, na wezi pia. Anasema kwingine inaishi kama mpangaji. Hapa itakuwa kwao."

"Na Kadarka ya babu yako?"

"Kadarka ililetwa na Waserbia. Oporto ya shamba la chini mliileta nyinyi wa ukoo wa Wajerumani mkishuka na mto Danube. Kuna kitu gani hapa, Vendel, ambacho hakikuja na mgeni?"

"Mimi sikuletwa na mtu."

"Babu wa babu yako alikuja hapa na nguruwe mmoja na deni," Ottília alisema, akacheka. Kisha akageuka, akalitafsiri hilo nalo kwa Kifaransa, na Gatien akacheka mpaka akafuta machozi.

Hapo ndipo palipouma. Siyo mzaha, mzaha wa mkewe Vendel aliuzoea. Ni kwamba ulipelekwa kwa mwingine ukiwa bado wa moto.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu visivyohesabika. Ottília anaosha nywele Alhamisi, na Mfaransa huja Ijumaa. Ottília amenunua bilauri nyembamba zenye shingo ndefu, na zile nene za harusi zimepanda juu ya kabati. Ottília akinusa mkate, ananusa kwa namna mpya, amefumba macho, kana kwamba kuna mtu amemshika mkono anamwongoza. Na huko ghalani, wakikagua mapipa madogo waliyoazimwa na kampuni, sauti zao zilikuwa chini kama za watu kanisani. Vendel alisimama nje ya mlango akijifanya anatengeneza bawaba. Hakuelewa hata neno, na mtu asiyeelewa neno huyaelewa yote anavyotaka.

Jirani wa ghala, Kelemen, mgane mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akipita na toroli lake.

"Vendel! Mume mwenza hajambo?"

"Kelemen, nenda zako."

"Nauliza tu afya ya mtu. Naona leo kavaa skafu. Wewe huna skafu?"

"Nitakupiga na hii bawaba."

"Usinipige mimi, ndugu yangu, mimi sitemi. Nikipewa yako nameza yote." Akasukuma toroli lake akicheka peke yake hadi mwisho wa barabara.

Lisemwalo lipo, Vendel alijiambia, na kama halipo laja. Tangu hapo usingizi ukamkimbia.

Baada ya mwaka mpya Gatien alirudi kutoka likizo Ufaransa na fungu la vijiti vya mzabibu, vimeviringishwa katika gunia bichi na kufungwa kwa kamba ya bluu. Ottília alilipokea kwa mikono miwili. Wakalifukia kwenye mchanga wa baridi ndani kabisa ya ghala, lilale huko mpaka majira ya kuchipua, Vendel aje abebeshe. Halafu Ottília akamgeukia mumewe.

"Jumamosi tumpikie Gatien. Mchuzi wako wa samaki. Nimemwambia hajala kitu mpaka ale mchuzi wako."

Kumbe bado kuna kitu changu anachokisifia, Vendel aliwaza, na sifa ile ikamchubua pale ilipotakiwa kumpoza.

Jumamosi adhuhuri alishuka ghalani kuchukua kuni. Mchuzi wa samaki haupikwi kwa kuni zozote. Unapikwa uani, chungu kikining'inia kwenye miguu mitatu, kwa matawi ya mzabibu, yanayowaka haraka na kwa hasira. Mafungu ya matawi ya Oporto, aliyoyapogoa juzi shamba la chini, yalikuwa yameegemea ukuta. Mbele yake ulikuwa ule mchanga.

Kijiti cha mzabibu wakati wa baridi hakina jina. Hakina jani, hakina tunda, ni fimbo ya kahawia yenye vifundo. Fundi mkali angeweza kugundua. Vendel alikuwa ndiye fundi mkali. Alifukua fungu la Gatien, akafungua kamba ya bluu. Akachagua vijiti vya Oporto vyenye unene ule ule, akavikata urefu ule ule, akavifunga kwa kamba ile ile, akavifukia. Wengine watakuambia shetani alimpitia. Shetani siku hiyo alikuwa na shughuli kwingine. Vendel alilifanya mwenyewe, taratibu, na hata fundo alihakikisha limekaa upande ule ule. Kisha akavibeba vijiti vya Saumur kwapani, akapanda navyo uani, akavitupa karibu na moto.

Mchuzi ulitokota mwekundu kwa pilipili. Gatien alikula amevua koti, jasho likimtiririka, akasema kitu huku amebusu ncha za vidole. Vendel alikula ameinamia bakuli. Vijiti vilikuwa vikilia motoni, maji yakitoka vichwani, na kila kimoja kilipopasuka yeye alisikia raha ndogo, ya siri, kama ya mtu anayejikuna.

Baada ya gongo ya plamu, Gatien akaanza kusimulia. Ottília alitafsiri sentensi kwa sentensi.

"Baba yake alikufa mwaka jana. Shamba likabaki kwa kaka yake, Lucien... Lucien akaling'oa lote. Serikali yao inawalipa wanaong'oa, anasema divai imezidi... Gatien alipata habari amechelewa, alipofika trekta limebakiza mstari mmoja. Akapiga magoti mbele ya trekta, akakata vijiti vya mstari ule kwa kisu cha mfukoni." Sauti ya Ottília ilianza kukatika. "Ni vile alivyotuletea. Baba yake alivichagua maisha yake yote, mzabibu kwa mzabibu, aliutia alama kila ulio mzuri. Vilivyobaki ni vile tu, Vendel."

Gatien akasema tena, safari hii akimtazama Vendel usoni.

"Anasema mkono wa baba yake haupo tena. Anasema amesikia sifa za mkono wako. Anakushukuru mapema."

Ottília alikuwa analia. Machozi yalimshuka waziwazi, wala hakuyafuta.

Vendel aliutazama moto. Pembeni, nje kidogo ya makaa, vilibaki vijiti vichache ambavyo havijashika. Angeviokota. Angesema lolote, angesema amekosea kuchukua kuni, mtu huweza kukosea. Lakini aliyatazama machozi ya mkewe. Siku Vendel alipomzika mama yake, Ottília alimshika bega na kumpa leso, macho yake makavu. Na leo analia kwa ajili ya mababa wa watu. Vendel akanyoosha mguu, akavisukuma vile vijiti kwa ncha ya kiatu mpaka katikati ya moto.

"Mwambie ale zaidi," akasema. "Mchuzi bado upo."

Sasa, hapa kwetu tunayo desturi ya Mtakatifu Vincent, mlinzi wa wenye mizabibu. Siku yake mwezi Januari kila nyumba hukata vijiti vya mzabibu, ikavitia ndani ya jagi la maji sebuleni au jikoni, penye joto. Vikichipua vizuri, mwaka utakuwa na zabibu. Vikidorora, kaza mkanda. Kuvitupa kabla ya wakati ni kujitupia mavuno. Vendel aliijua desturi hii kabla ya kujua kusali, kila mwaka ndiye aliyeleta vijiti. Mwaka huu wivu ulikuwa umemjaza mpaka hakubakiwa na pa kuiweka, akaisahau.

Siku hiyo alikwenda na wanaume wenzake kumwagia mizabibu divai mteremkoni, akarudi amechangamka kidogo. Jagi lilikuwa dirishani juu ya jiko.

"Umekwenda kukata shambani? Ningekuletea."

"Nimechukua vitatu kwenye mchanga," Ottília alisema. "Mwaka huu tuwaulize Wafaransa."

Ulevi wote ulimtoka. Kuvibadilisha asingeweza, vya kubadilishia vilikwisha kuwa majivu. Alilihamishia jagi kwenye ujia wenye baridi, akidai mvuke wa jikoni unaviumiza, Ottília akalirudisha. Alifikiri kuvitupa na kumsingizia paka, akaacha, maana kuna mambo hata mwenye wivu hathubutu. Kila asubuhi aliingia jikoni kuvitazama kama mtu anayetazama uvimbe wake kwenye kioo. Vifundo vilinenepa. Vikapasuka.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, Gatien amealikwa chakula cha mchana, kabichi iliyojazwa nyama iko mezani. Aliingia akipangusa miguu, akaliona jagi, akaenda moja kwa moja dirishani huku anatabasamu. Mara nyingi alikuwa amemweleza Ottília jinsi jani la zabibu yake linavyozaliwa: jeupe la sufu, na ukingo wa waridi. Alilishika jani la kwanza kwa ncha ya kidole. Lilikuwa la kijani, laini, linang'aa kama lililopakwa mafuta. Alishika la pili.

Ottília alisogea akatazama. Mtoto yeyote wa kijiji chetu angelijua jani lile.

"Vendel," akasema bila kugeuka. "Hii ni Oporto."

"Labda huko kwao alipewa—"

"Hakupewa. Alikata kwa mkono wake. Viko wapi?"

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Vendel alikaa na uma mkononi.

"Viko wapi, Vendel?"

"Mlivila," akasema. "Ndivyo vilivyoivisha mchuzi."

Ikabidi Ottília alitafsiri hilo. Alilitafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena, na mwisho alisema kitu kifupi sana. Gatien akaketi pale pale kwenye sanduku la kuni, uso wake umesawijika, akaziangalia kuni zilizo chini yake kana kwamba huenda kijiti kimoja kimesalia. Ottília akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Majira yote ya baridi Vendel alikuwa akiivizia picha ile, kwenye matundu ya mlango, kwenye harufu ya nywele, na hakuiona. Sasa ilikuwa mbele yake jikoni, mchana kweupe, na aliyeileta ni yeye.

"Mwachie mikono," akasema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza!" Ottília aling'aka. "Ulikuwa unatuonea wivu kwa lipi? Sema! Kwa lipi?"

"Ulicheka naye."

"Nilicheka naye! Miaka minane tangu wanifutie somo langu nilikuwa najifunza lugha ya kuzungumza na kuku! Akaja mtu akanijibu! Ndiyo, nilicheka!"

Vendel aliuweka uma mezani. Kabichi ikapoa.

Gatien ndiye aliyesema kwanza, bila kumtazama yeyote. Ottília akamsikiliza, akamwuliza jambo, akasimama, akajipangusa magoti.

"Ana baba yake mdogo, Firmin. Uani kwake kuna mstari mmoja kwenye ukuta, ulitokana na mizabibu ile ile ya baba yake Gatien. Lakini huyo mzee hamfungulii Gatien mlango. Waligombana siku ya maziko." Akamkazia macho mumewe. "Utakwenda wewe."

"Mimi? Sijui Kifaransa."

"Huyo mzee anajua Kijerumani, vitani walimpeleka kufanya kazi Ujerumani kwa nguvu. Na kuchagua kijiti unajua kuliko sisi wote."

"Kwa nini usiende wewe?"

"Mimi nina wanafunzi."

"Na yeye?"

"Yeye ana mapipa ya kampuni."

Vendel alilimeza lile polepole. "Kwa hiyo mtabaki hapa. Nyinyi wawili."

"Ndiyo, Vendel. Tutabaki hapa, sisi wawili. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Kelemen ndiye aliyempeleka stesheni, kwa kuwa habari zilikwisha fika kila ghala.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia akimpa begi. "Nitakuangalizia nyumba."

"Utaangalia nini?"

"Chochote kitakachoonekana."

Njiani Vendel hakuona Austria, hakuona Ujerumani, wala mito ya Ufaransa. Kioo cha dirisha la treni kilimwonyesha jikoni kwake tu. Sasa wanakula. Sasa anaosha nywele, na leo si Alhamisi.

Firmin alikuwa mzee mfupi, kofia imemshuka masikioni, akaufungua mlango upana wa kiganja.

"Gatien ndiye aliyekutuma?" aliuliza kwa Kijerumani kilichoota kutu.

"Mke wangu ndiye aliyenituma."

Mlango ukaongezeka kidogo. Vendel akasimulia pale pale kizingitini: vijiti, kamba ya bluu, mchuzi, vile vichache alivyovisukuma kwa kiatu. Hicho cha mwisho hakuwa amemwambia mtu.

"Kwa nini?"

"Wivu."

Mzee akamwangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Ingia," akasema.

Mstari ulikuwepo, umetambaa kwenye ukuta wa mawe meupe, mashina manene kama mapaja. Vendel aliutazama tu akajua: vifundo vilivyokaribiana, mti mgumu, kazi ya mtu mwenye subira. Akatoa kisu. Akikata sasa hivi atawahi treni ya jioni.

"Unafanya nini?" Firmin akamshika mkono. "Mwezi umeandama juzi tu. Kwenu mnakata mzabibu mwezi ukikua?"

Vendel alikishusha kisu. Kwao hawakati. Yeye mwenyewe hajawahi kukata, na aliwahi kumtukana Kelemen kwa kukata. Ukikata mwezi unakua, mti hutoa maji, na kijiti huenda kwenye mchanga kikiwa kimechoka.

"Mpaka upungue," mzee akasema. "Kitanda kipo."

"Wiki mbili?"

"Karibu hivyo. Unaharakia wapi? Mkeo umemwacha na nani?"

Vendel alikirudisha kisu mfukoni.

"Na mpwa wako," akasema.

Firmin hakucheka. Alivuta kiti cha chuma, akaketi, akamwonyesha Vendel kingine.

"Amewaambia Lucien aling'oa shamba kwa sababu ya fedha ya serikali?"

"Ndivyo alivyosema."

"Anajihurumia, au anamhurumia kaka yake. Fedha ilikuja baadaye. Gatien alikuwa akija kwao kula Jumapili, na mke wa Lucien alikuwa akicheka naye. Basi. Hayo tu ndiyo tunayoyajua. Labda palikuwa na kitu, labda hapakuwa na kitu, mimi nilimfungia Gatien mlango bila kujua, na hadi leo sijui. Lucien naye hakuuliza. Aliwasha trekta."

Vendel alikisogeza kiti chake karibu. "Na mwanamke?"

"Aliondoka."

"Aliondoka na Gatien?"

"Peke yake. Yuko Nantes, anauza viatu. Alisema mwanamume anayeweza kuing'oa kazi ya baba yake kwa sababu mkewe amecheka, siku moja atamng'oa na yeye." Firmin alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lucien bado ana trekta. Zuri sana. Linalala bandani."

Vendel aliinuka, akaketi, akainuka tena. Treni ya jioni ilikuwepo. Angeipanda mikono mitupu, kesho kutwa angefungua mlango wa jikoni ghafla, akaona alichokuwa anataka kukiona au asikione, na vyovyote vile Ottília angemtazama mikono. Aliomba simu.

Iliita kwa muda mrefu. Alishikilia waya kana kwamba ni kamba ya ndoo kisimani. Kisha ikapokelewa.

"Haló?"

Ilikuwa sauti ya Gatien. Nyumbani kwake, saa ya chakula cha jioni. Nyuma yake bomba lilikuwa linamwaga maji, na mwanamke alikuwa anaimba. Wivu ukampanda Vendel kutoka tumboni hadi kwenye ulimi, mchungu kama nyongo, na matusi yote aliyoyajua kwa lugha mbili yakajipanga mlangoni.

"Vendel?" Gatien akasema kwa Kihungari chake cha kuokoteza. "Nzuri? Wewe nzuri?"

Vendel alifumba macho.

"Mwambie Ottília," akasema, pole pole, neno kwa neno ili aelewe, "mwambie mwezi bado mchanga. Nitangoja."

"Nitangoja," Gatien akarudia, kwa uangalifu, kama mwanafunzi.

Bomba likafungwa. Kuimba kukakoma, na miguu ya mkewe ikasikika ikija kwenye simu, si kwa haraka. Vendel alisimama na simu sikioni, akiwasikiliza wawili wale, na safari hii hakukata.